Tundu moja kwenye foki: nilivyochagua fremu ya fiksi kwa pesa kidogo

Kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye fremu ya velodromu, yaani ya uwanja wa mbio za baiskeli, kabla ya rangi, kabla ya jina lililobandikwa kwenye bomba la chini na hata kabla ya bei, ni tundu moja dogo lililo kwenye kichwa cha foki, uma unaoshika gurudumu la mbele, juu tu ya tairi. Tundu hilo ndilo linalopokea skrubu ya breki. Fremu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanja peke yake hazina tundu hilo, na mtu mwenye uwezo wa kumiliki baiskeli moja tu, anayetaka kwenda nayo kazini siku za wiki na kuipeleka uwanjani mwishoni mwa wiki, atajuta asipoliangalia mapema.

Ninaishi kusini mwa London, si mbali na uwanja wa Herne Hill. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1891, una mzunguko wa mita 450 hivi, na mbio za baiskeli za Olimpiki ya mwaka 1948 zilifanyika pale. Baiskeli inayotumika humo ni ile ya gia moja isiyo na friwili, ambayo wenyewe tunaiita fiksi: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na hakuna namna ya kupumzisha miguu huku baiskeli ikienda. Uwanjani breki haziruhusiwi, na sababu yake ni ya usalama, kwani waendeshaji hufuatana kwa karibu sana na mmoja akifunga breki ghafla walio nyuma yake hawana pa kwenda. Barabarani hali ni kinyume kabisa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinaitaka baiskeli iwe na mifumo miwili ya kusimamisha, na ingawa gurudumu la nyuma la fiksi linahesabiwa kuwa mfumo mmoja, breki ya mbele ni lazima. Nami naamini ingekuwa lazima hata bila kanuni, maana miguu peke yake haisimamishi baiskeli upesi mtoto anapokatiza barabara.

Bajeti yangu ya fremu na foki ilikuwa paundi 200, na karibu niitumie vibaya. Nilionyeshwa fremu ya alumini iliyotumika, nyepesi, yenye foki ya kaboni, kwa paundi 150. Foki haikuwa na tundu. Muuzaji alinihakikishia kwamba tundu hutobolewa kwa dakika tano tu. Nilikataa, na ningemshauri yeyote akatae, kwa sababu foki ya kaboni hupangwa nyuzi zake kulingana na mzigo itakaoubeba, na kutoboa mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia ni kukata nyuzi hizo pale pale penye mkazo mkubwa. Njia nyingine ilikuwa kununua foki tofauti yenye tundu, lakini foki ya barabara kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko ya velodromu, kwa hiyo huinua mbele ya baiskeli na kulaza pembe ya usukani, na ukijumlisha bei yake ile fremu ya paundi 150 inakaribia 230. Tangu siku hiyo nimeacha kuiita fremu rahisi kabla sijahesabu vitu vyote itakavyodai baadaye.

Rafiki yangu, mwendeshaji wa miaka mingi, alinishauri niachane kabisa na fremu za velodromu na nigeuze fremu kuukuu ya barabara kuwa fiksi. Ushauri huo si mbaya, na kwa mwenye pesa kidogo kabisa ndio njia ya kwanza ya kufikiria, ila una masharti yake. Baiskeli ya fiksi haina kifaa cha kuvuta mnyororo, hivyo mnyororo hukazwa kwa kusogeza gurudumu lote la nyuma. Kwa sababu hiyo fremu ya velodromu ina mapengo ya ekseli yaliyolala na kufunguka kwa nyuma. Fremu za barabara za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zina mapengo yaliyolala pia, ingawa hufunguka kwa mbele, na yanatosha kwa kazi hiyo. Fremu za siku hizi zina mapengo ya wima, na humo gurudumu halisogei hata kidogo. Tena kuna upana: habu ya nyuma ya velodromu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya milimita 120, wakati fremu za barabara zilipanuka hadi 126 na baadaye 130 kadiri gia za nyuma zilivyoongezeka. Feleji inaweza kubanwa kidogo na fundi anayejua kazi yake, alumini haibanwi.

Hata hivyo kilichonirudisha kwenye fremu ya velodromu ni kimo cha ekseli ya pedali. Katika fremu nyingi za barabara ekseli hiyo iko milimita 70 hivi chini ya mstari unaounganisha ekseli za magurudumu, na katika fremu za velodromu ni kati ya 50 na 60. Tofauti ni ndogo kama upana wa kidole, lakini ndani yake mna usalama wa mwendeshaji. Mwenye friwili akikata kona huinua pedali ya ndani na kutulia. Mwenye fiksi hawezi kutulia, na pedali yake ikigusa lami katikati ya kona inaweza kulinyanyua gurudumu la nyuma na kumwangusha. Kwenye velodromu ya ndani kama ile ya Lee Valley, iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 2012 na ambayo kingo zake huinuka hadi nyuzi 42, anayepita polepole huweza kuugusa ukingo kwa pedali ya kulia. Fremu iliyoinuliwa hapo kati, ikiwekewa krenki fupi (mikono inayobeba pedali) za milimita 165, inaiondoa hofu hiyo karibu yote.

Kuhusu madini yenyewe sina maneno mengi. Alumini ni nyepesi na hukaza vizuri mtu anapokanyaga kwa nguvu. Kromoli, ambayo ni aina ya feleji, ni nzito kidogo lakini huvumilia mashimo na kubamizwa, na ikipinda au kukatika inaweza kurekebishwa. Kwa barabara za huku nilitaka kromoli. Kilichonishughulisha zaidi ni nafasi ya tairi, kwa kuwa fremu nyingi za uwanja zimebana kiasi cha kupokea tairi la milimita 23 au 25 tu, na mimi nilihitaji angalau 28. Wapo waliofikiria jambo hili tangu kiwandani: Surly Steamroller, kwa mfano, ni ya kromoli, ina matundu ya breki mbele na nyuma, na hupokea tairi la hadi milimita 38. Ikiwa mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu, lakini ilinipa kipimo cha kulinganishia nyingine.

Fremu niliyoinunua hatimaye ni ya kromoli, iliyotumika, kwa paundi 180 pamoja na foki yake yenye tundu. Kabla ya kutoa pesa nilifanya alichonifundisha fundi mmoja wa baiskeli kule Ngamiani, Tanga, nilipokuwa mvulana nikimshikia spana. Alikuwa akifunga uzi kwenye pengo moja la ekseli ya nyuma, akaupitisha mbele ya bomba linalobeba foki na kuurudisha hadi pengo la pili, kisha akipima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, nyuma ya fremu imenyooka. Yangu ilitofautiana kwa milimita moja tu, nami niliridhika. Nilipapasa kwa vidole chini ya bomba la chini, karibu na linapokutana na lile la foki, maana fremu iliyogonga kitu kwa mbele huvimba hapo hata kama rangi haijapasuka. Nilihakikisha nguzo ya kiti inatoka, kwa sababu iliyoganda ndani ya fremu ni hasara ya siku nzima. Nilitazama pia nyuzi za skrubu zinazoshika ekseli ya pedali: zilikuwa za Kiingereza, kwenye bomba lenye upana wa milimita 68, ambazo vipuri vyake ni rahisi kupatikana kuliko vile vya Kiitaliano vya milimita 70.

Saizi niliipima kwa urefu wa bomba la juu, wala si kwa namba iliyoandikwa, kwa kuwa watengenezaji hawapimi bomba la kiti kwa namna moja. Kasoro iliyobaki ni kwamba fremu ni fupi mbele, na nikikata kona kali kwa mwendo wa polepole ncha ya kiatu hugusa tairi. Nimeizoea, lakini anayeanza anapaswa kuambiwa mapema. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi nayo hula feleji kama ile ya bahari ya nyumbani, kwa hiyo nimepaka mafuta ndani ya mabomba yote.

Jumamosi iliyopita niliifikisha Herne Hill kwa mara ya kwanza. Nilisimama pembeni mwa uwanja, nikafungua skrubu ya breki kwa spana ya milimita 5, nikaitoa pamoja na waya wake na kuifunga kwenye kitambaa ndani ya mkoba, kisha nikaingia. Saa mbili baadaye niliirudisha kwenye tundu lake, nikaijaribu mara tatu, nikaenda nyumbani.