Tope la Gatini

Tulikatazwa kuvaa pete. Bangili nazo, saa nazo, hata mkanda wangu wenye bizimu kubwa ulibaki hosteli. Daktari, mhadhiri aliyesimamia utafiti, hakuwa na mzaha na jambo hilo. Tunatafuta chembe za metali ndani ya tope jingi, alisema, mkija na chuma chenu nitajuaje kipi ni cha ziwa? Chupa zote zilikuwa zimelowekwa kwenye asidi ya nitriki na kusuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Vijiko vilikuwa vya plastiki. Ungedhani tunakwenda kupasua mtu.

Tulitoka ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu, asubuhi, kabla upepo haujaanza. Siku hizo MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 iliyovusha mabehewa ya treni, ilikuwa bado imefungwa bandarini Kisumu ikila kutu. Ilirudi kazini 2019. Reli ilifika hapo 1901, na tangu hapo kila kilichobanduka gatini kimeishia majini. Kule Kilindini, bandari ya Mombasa, meli za baharini hupakwa tumboni rangi yenye shaba ili kombe na mwani visigande, na rangi hiyo ikichakaa shaba hubaki chini ya gati. Hapa kwetu mji wenyewe huongeza mzigo. Mto Kisat hupita viwandani na kando ya mitambo ya majitaka kabla ya kumwaga ghubani. Pale ufuo wa Lwang'ni magari yalikuwa yakioshwa ziwani kwenyewe, magurudumu ndani ya maji, dereva akisubiri samaki wake akaangwe. Petroli yenye metali ya risasi Kenya ilikwisha kuachana nayo kufikia 2006, ila risasi haiozi. Ikishuka hung'ang'ania tope laini, na Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, mlango wake mwembamba kule Rusinga. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka.

Kifaa chetu kilikuwa kisanduku chenye taya mbili, kinateremshwa kwa kamba hadi chini. Kikishatulia unaachia kizito kidogo kinachoteleza juu ya kamba ile ile, kinagonga, taya zinajifunga. Unasikia mgongo wa kamba ukishtuka mkononi. Tope la kwanza la karibu na gati lilitoka jeusi tii, limekaza kama ugali, likinuka mayai viza na dizeli kwa pamoja. Juu ya maji yaliyobaki kulikuwa na utando wa rangi rangi, na katikati kibanzi chekundu cha rangi ya meli, ukubwa wa ukucha. Sheria ilikuwa kuchota pale katikati tu, sehemu isiyogusa kuta za kisanduku. Lililobaki tulilirudisha ziwani.

Mzee mwenye boti alikuwa akitutazama tu. Kati ya kituo kimoja na kingine alikuwa akitengeneza wavu wake wa samaki aina ya ngege, ulioviringwa chini ya miguu yetu, na hapo ndipo Daktari alipoona anachofanya. Alikuwa na mkebe wa vipande vya risasi, anavipachika kwenye kamba ya chini ya wavu kimoja kimoja, anavibana kwa meno.

"Mzee, hizo umetoa wapi?"

"Kwa mafundi wa jua kali. Wanayeyusha betri za magari."

Daktari alinyamaza kidogo. Kisha akamwomba kwa adabu atumie koleo, akamweleza kwamba risasi huharibu akili za watoto na damu ya mtu mzima, na kwamba moshi wa kuyeyusha ni mbaya kuliko vipande vyenyewe. Mzee akavifunika kwa kofia yake. Mimi nilikuwa natazama chupa zetu zilizosuuzwa kwa asidi, zimepangwa hatua moja kutoka kwenye ule mkebe, nikabana kicheko. Zilihamishiwa omoni, mbele ya boti, upesi.

Baadaye, tukielekea mdomo wa Kisat, mzee akauliza swali ambalo nadhani alilibeba tangu alfajiri. "Sasa Daktari, samaki tule au tusile?"

Nampenda Daktari kwa jinsi alivyojibu. Angeweza kusema utafiti unaendelea. Alisema metali si kijidudu, kuchemsha hakuiui. Alisema minofu ya samaki kwa kawaida hushika risasi kidogo. Nyingi hukaa kwenye matamvua, ini, figo na mifupa, kwa sababu mwili huichukulia risasi kama kalisi, madini ya mifupa. Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa Ulaya ni miligramu 0.3 kwa kilo, na mnofu ndio unaopimwa.

"Mnofu," mzee akasema. "Mnofu si unapanda ndege?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kila mtu Kisumu anajua habari hiyo: mbuta, yaani sangara, anaingia kiwandani, fileti inakwenda Ulaya, na kichwa na mifupa, ile mgongo wazi, inakwenda mtaa wa Obunga kukaangwa na kuuzwa kwetu. Omena, dagaa wetu, nayo tunaila nzima, kichwa, utumbo na vyote. Ni kweli mbuta wengi huvuliwa ziwa kuu, mbali na gati letu, na simwambii mtu aache samaki; mimi mwenyewe sijaacha. Lakini tangu siku ile kila nikisikia samaki wetu wamepimwa na kuonekana salama, nauliza kipande gani kilipimwa.

Maabara ilipomaliza, tope la gatini na la Kisat lilikuwa na risasi zaidi kuliko lile la katikati ya ghuba. Hilo halikumshangaza Daktari. Kilichomkera ni lile swali la mzee kuhusu mnofu. Alinipa pesa kutoka mfukoni mwake akanituma Obunga nikalete mifupa, mibichi, isiyoguswa na mafuta.

Mama aliyeniuzia aliona nakataa ya kukaangwa, nachagua huku nimevaa glavu.

"Wewe msichana, unaipikia nani hii?"

"Si ya kupika, mama. Ni ya kupima."

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ya kupima hiyo bei yake ni nyingine."