Nilimcheka, sasa sifuti faili lake

Jana usiku nafuta mafaili kwenye laptopu kuukuu, nikakutana na folda ya Acid Rap, mikstepu (mkusanyiko wa nyimbo) ya rapa wa Marekani, Chance the Rapper. Jamaa aliiachia bure mtandaoni Aprili 2013 akiwa na miaka 20 tu. Unapakua, unasepa.

Niseme ukweli, mara ya kwanza sikumwelewa kabisa. Sauti ya puani, halafu vile vikelele vyake katikati ya mistari! Nikamwandikia rafiki yangu, "Huyu nani anapiga chafya kwenye biti?" Wiki mbili hazikupita, naosha vyombo huku naimba viitikio. Meseji yangu bado anayo, na hunirushia kila nikijifanya najua muziki.

Wala sikuwa peke yangu kugeuka. Lebo kubwa nyuma yake hakuna, watu walipeana linki tu mpaka jina likakua. 2016 akaja na mikstepu nyingine, Coloring Book, ikaingia namba 8 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, kwa kusikilizwa mtandaoni tu, kopi za kuuza hakuna. Mwaka uliofuata akabeba Grammy 3.

Sasa kilichonichekesha: Acid Rap ilipopandishwa rasmi kwenye majukwaa ya muziki 2019, wimbo wa Juice haukuwemo. Ruhusa ya sampuli, yaani kipande alichoazima kwenye wimbo wa mtu mwingine, ilikwama, wakati huo ukibofya ulikuta ujumbe mfupi tu. Mimi ninao, faili lile lile la kupakua, jina nimelikosea herufi.

Nimefuta picha za harusi ya watu. Hilo limebaki.