Kunuti kwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma

Mtwara, Ijumaa, baada ya alasiri.

Alfajiri ya leo imamu wetu alisoma kunuti, ile dua isomwayo kwa kusimama ndani ya sala, kama ilivyo ada ya sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ila safari hii aliirefusha, akawaombea wanaokimbia vijiji vyao katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma unaotutenganisha nao, nami niliyesimama safu ya tatu nikawa naitikia "Amin" pasipo kufahamu nusu ya maneno. Nilisilimu miaka mitatu iliyopita na Kiarabu changu bado ni cha kuokoteza. Baadaye mwalimu wetu wa darsa alinieleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisoma kunuti mwezi mzima baada ya wasomi wa Kurani wapatao 70 kuuawa kwa hiana huko Bi'r Ma'una, mwaka wa 4 wa Hijra, na kwamba masahaba waliokuwa nyuma yake walikuwa wakiitikia tu, kama nilivyoitikia mimi. Nilifarijika kidogo, ingawa mwalimu aliongeza kuwa kutofahamu kwangu ni deni ninalopaswa kulilipa.

Aliyezaliwa katika Uislamu huipata huzuni ya umma wa Kiislamu pamoja na maziwa ya mama yake, akazoea kuibeba kimyakimya. Sisi tulioingia ukubwani tunakabidhiwa huzuni hiyo siku ile ile tunayotamka shahada, na wengi wetu hudhani kwamba tusipoipigia kelele tutaonekana hatujaingia sawasawa. Mwaka wangu wa kwanza nilisambaza kila video iliyonifikia, usiku na mchana, hadi mwalimu aliponionyesha kwamba picha niliyoituma kwa watu wengi nikidai ni ya Palma, mji wa Cabo Delgado, ilipigwa katika nchi nyingine na vita vingine kabisa. Hakunigombeza. Alinisomea aya ya 6 ya Suratul Hujurat, inayotuamuru kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha akaniachia kazi ya kuwaandikia wote niliowatumia, mmoja baada ya mwingine, kwamba nilikosea.

Kwetu kusini vita hivi ni vya jirani. Vilianza tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Mji huo ukaja kutekwa Agosti 2020 na kukaa mikononi mwao takriban mwaka mzima. Oktoba ya 2020 walivuka mto wakashambulia Kitaya, kijiji cha upande wetu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu wa huko huwaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia, nao hutamka takbira, "Allahu Akbar", ile ile niliyofundishwa mimi. Hapa ndipo penye ugumu wa Mwislamu mpya, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Kaka yangu mkubwa aliniuliza mezani, mbele ya wazazi, kama hiyo ndiyo dini niliyoiachia kanisa la Newala lililonibatiza. Nilimjibu kwa hasira, na hasira haikumfundisha kitu. Nilipaswa kumwambia kwamba Wamwani wa pwani ile, ambao wengi wao walichomewa nyumba wakakimbilia kwa mashua Pemba, mji mkuu wa jimbo lao na si kisiwa chetu, ni Waislamu tangu karne nyingi. Kwamba waliouawa wamo Waislamu na Wakristo. Na kwamba masheikh wa huko ndio waliowatahadharisha wakuu wa serikali juu ya kundi hilo kabla risasi ya kwanza haijalia. Sikumwambia kwa sababu wakati ule sikuyajua.

Siku hizi anayesilimu akiniuliza awasaidieje ndugu waliomo vitani, namwomba kwanza ajue ni nani anateswa, na ni nani anayetesa. Ari nyingi na elimu ndogo ni mali inayotafutwa na watu wabaya. Wapo vijana wa nchi hii waliovuka Ruvuma wakiamini wanakwenda kuinusuru dini, na mapanga yao yakaishia kwa wale wale walioelekea kibla kimoja nao. Ndiyo maana hata shilingi siitoi kwa mtu anayenipigia simu asiyejulikana na yeyote msikitini, hata aseme kwa machozi kiasi gani.

Kuhusu kutoa, nilikuwa na aibu niliyoificha muda mrefu. Niliposilimu nilipoteza kibarua, na msikiti ukanipa unga, kanzu na kodi ya miezi miwili kutoka fungu la zaka, kwani aya ya 60 ya Suratut Tawba inawataja miongoni mwa wanaostahiki wale wa kutiwa nguvu nyoyo zao. Niliona kwamba mtu aliyepokea jana hana uso wa kutoa leo, tena mali yangu haijafikia nisabu, kile kiwango kinachomlazimu mtu kutoa zaka. Mwalimu akanitajia hadithi ya Adiyy bin Hatim, aliyekuwa Mkristo na chifu wa kabila la Tayy kabla ya kusilimu, kwamba tujikinge na Moto hata kwa nusu ya tende, na asiyeipata basi kwa neno jema. Nimeipenda hadithi hii kwa sababu aliyeisimulia naye alikuwa mgeni katika dini. Tangu hapo kila Ijumaa naweka shilingi 2,000 katika kisanduku ambacho kamati ya msikiti hutangaza hesabu yake hadharani.

Hata hivyo, kazi yenyewe haikutoka kwenye kisanduku. Jirani yangu anaishi na mama mmoja Mmwani aliyetoka Mocímboa, mjane, anayeuza samaki wakavu sokoni. Nilimwendea mama huyo na kilo mbili za mchele na maneno mengi ya pole niliyokuwa nimeyatayarisha. Aliupokea mchele, akayasikiliza maneno hadi mwisho, halafu akaniuliza kama najua kuandika vizuri. Alikuwa akimtafuta mdogo wake wa kiume, waliyepotezana siku ya kukimbia, na alichohitaji ni mtu wa kumjazia karatasi na kumsindikiza kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao huwatafuta ndugu waliotenganishwa na vita. Nilitabasamu moyoni: nimeuacha msalaba mmoja, na hija yangu ya kwanza na Mwislamu aliyedhulumiwa ikanipeleka kwenye mwingine. Tulikwenda mara nne. Mara mbili kati ya hizo tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima, akanisikiliza nikijisomea Fatiha kwa sauti ya chini, akanikatiza.

"Mwanangu, mbona unasoma kama mtu anayekimbizwa? Mie ndiye niliyekimbizwa. Vuta hapo mwisho."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenisomesha, jioni za Jumanne na Alhamisi, na simlipi isipokuwa kwa kumbebea ndoo za samaki hadi sokoni. Nilikwenda kusaidia, na hesabu ya nani anamsaidia nani imenishinda.

Majibu ya mdogo wake hayajafika. Jumapili iliyopita nilikwenda Newala kuwaona wazazi, nikamchukulia mama furushi la samaki alilotumiwa na mjane huyo, nikamweleza habari yake yote. Kaka naye alikuwepo. Nilisimulia pia jinsi Waislamu wa mwanzo, waliposhindwa kuvumilia mateso ya Makka, walivyohamia Uhabeshi mwaka 615 wakahifadhiwa na mfalme Mkristo, Najashi, aliyekataa kuwarudisha kwa waliowafuata. Kaka hakusema neno, ila aliuliza kama samaki wale wanahitaji kulowekwa kwanza. Mama alikwenda chumbani akarudi na miwani yake na kipande cha karatasi.

"Niandikie jina la huyo ndugu yake," akasema, "kwa herufi kubwa, nilisome kanisani wakati wa maombi."

Nikaliandika.