Siku moja ya kupima zinki kwenye damu, Dodoma

Saa 1:00 asubuhi. Kazi ya maabara inaanza na kitambaa kibichi. Kiangazi vumbi la Dodoma linapenya hata dirisha lililofungwa, na kila punje ina zinki yake. Seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda, kwa mtu mzima mwenye afya ina zinki miligramu 0.7 hadi 1.2 tu kwa lita, kwa hiyo meza inafutwa; ufagio hauingii humu. Vyombo vimelala kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10. Navisuuza mara tatu kwa maji yasiyo na ioni, yaani yaliyoondolewa chumvi zote, mita ya usafi wake ikisoma megaohm 18.2. Maji magumu ya bomba huchosha mapema resini, zile chembe za kwenye katriji zinazonasa chumvi, na mita ikianza kushuka nabadilisha katriji, sibembelezi.

Saa 2:00. Nawasha taa ya zinki ya mashine inayopima mwanga unaonaswa na zinki kwenye mwali, mawimbi ya nanomita 213.9, ipate moto nusu saa. Natengeneza myeyusho wa zinki wa miligramu 10 kwa lita, kisha navuta mililita 0.5, 1, 2, 3 na 4, kila moja najazia hadi 100. Napata viwango vya kulinganishia sampuli: miligramu 0.05, 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4 kwa lita. Vyote natia gliseroli asilimia 5, kwa sababu seramu ni nzito kuliko maji na mashine huinyonya polepole. Ukiacha hilo, majibu yote yatashuka na hutajua kwa nini.

Saa 2:45. Muuguzi analeta kisanduku cha sampuli.

“Dada, huyu mama alikula?”

“Chai na andazi moja tu.”

“Hiyo ni kula. Alitolewa damu saa ngapi?”

“Saa moja na nusu.”

Vyote viwili vinaandikwa kwenye fomu, maana zinki ya damu hushuka baada ya chakula. Kisha naangalia mirija. Ile ya kizibo cha bluu iliyokoza, iliyotengenezwa kwa kazi hii, ndiyo naipokea. Kizibo cha mpira cha kawaida hutoa zinki, na glovu zenye poda nazo vilevile. Damu ikishaganda dakika 30 naizungusha kwa mashine dakika 10, seramu ijitenge. Seramu ikitoka na wekundu naikataa, hata kama mgonjwa ametoka mbali: chembe nyekundu zina zinki zaidi ya mara kumi ya seramu, na zikipasuka mtu mwenye upungufu ataonekana mzima.

Saa 4:00. Mililita 1 ya seramu, mililita 4 za maji, kisha kwenye mwali wa asetilini na hewa. Kila baada ya sampuli kumi nasoma maji matupu na seramu ya udhibiti, ambayo zinki yake inajulikana. Umeme ukikatika mwali unazimika, na ukirudi nasubiri taa itulie, napima viwango vyote upya. Mstari wa viwango uliochorwa kabla ya kukatika siutumii.

Saa 6:30 mchana. Kwa seramu ya mama wa andazi mashine imesoma 0.124. Mara tano, kwa sababu ya yale maji, ni miligramu 0.62 kwa lita, yaani mikrogramu 62 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito aliyetolewa damu asubuhi bila kula, mpaka wa upungufu ni chini ya 70, asubuhi akiwa amekula, 66, alasiri, 59. Namba ileile ni upungufu kwa huyu mama wa andazi, na ingekuwa salama kama damu ingechukuliwa alasiri. Nao uambukizi hushusha zinki ya damu, kwa hiyo bila kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mtu akiwa na uambukizi, jibu halijakamilika.

Saa 8:00 mchana. Sasa zamu ya chakula. Unga wa uwele: gramu 0.5, asidi ya naitriki mililita 7, nyuzi 95 ndani ya kabati la kuvuta moshi. Peroksidi natia ikishapoa, la sivyo inafoka na sampuli imekwenda. Nafaka zina fitati, kitu cha asili kinachoshika zinki tumboni isifyonzwe. Unga wenye fitati miligramu 800 na zinki miligramu 3 kwa gramu 100 una uwiano wa moli, fitati kwa zinki, wa kama 26. Ukizidi 15, mwili hupata zinki kidogo sana. Mwaka 1961 Ananda Prasad na wenzake walieleza vijana wa Iran waliodumaa wakiishi kwa mkate usiochachushwa. Unga wa nafaka iliyooteshwa kimea, au uliochachushwa, hupungua fitati, ndiyo maana togwa naipima pembeni.

Saa 10:00 jioni. Nafunga asetilini kwenye mtungi wenyewe, naacha gesi ya bombani iungue yote. Shinikizo likikaribia bar 5 mtungi unatolewa, hata kama gesi bado imo, kwa sababu asetoni, kimiminika kinachoshika gesi ndani ya mtungi, huanza kupanda na kuvuruga mwali. Mtungi wa pili uagizwe leo.