Siku moja kitaluni: majani mawili ya kwanza

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kumwagilia napita trei kwa trei nikitazama majani ya mbegu, yale mawili yanayotangulia. Yalikuwemo ndani ya mbegu tangu mwanzo, na ndiyo yanayoulisha mche mpaka majani halisi yaanze kazi.

Miche kadhaa ya maboga imeibuka na ganda kichwani. Mbegu ilifukiwa juujuu au udongo ulikauka, ganda likakosa kulainika. Nalilowesha, nasubiri kama nusu saa, kisha nalisukuma polepole kwa vidole. Ukilivuta likiwa kavu linang'oka na majani, na mche wa boga unayategemea hayo kujitengenezea chakula juani.

Saa 2. Kusia. Nyanya zinakwenda chini kama sentimita 1, maharage 3 hadi 4. Haragwe huchomoza shingo ikiwa imepinda, ikivuta nyuma yake majani mawili mazito. Udongo ukishikana juu kama sahani, shingo hukatika, ukabaki na kijiti kisicho na kichwa. Ndiyo maana navunja ugaga wa juu mapema. Mahindi na njegere hazina shida hiyo. Ghala lao la chakula hubaki ardhini.

Saa 5. Trei moja ya nyanya ina miche iliyolala, shina limesinyaa usawa wa udongo: ugonjwa wa kinyausi. Maji mengi, miche imebanana, hewa haipiti. Naitoa iliyougua pamoja na udongo wake, napunguza iliyobaki, na simwagilii mpaka juu pakauke.

Saa 10 jioni, jua limepoa. Napandikiza nyanya zenye majani halisi mawili kwenye vifuko. Mche nashika kwa jani la mbegu. Jani likichanika mche utaendelea. Shina likiminywa, basi. Uliorefuka kwa kukosa mwanga nauzika hadi karibu na majani hayo, maana shina la nyanya hutoa mizizi.

Kwenye maharage, majani ya mbegu yamekunjamana na kudondoka. Ni sawa, chakula kimeisha na majani halisi yapo. Yangegeuka manjano kabla ya hapo, ningeangalia kwanza kama maji yametuama.

Saa 12 jioni. Haragwe moja limekatwa na sota, kiwavi anayekata miche. Limekatwa juu ya majani ya mbegu, kwa hiyo naliacha: kwapani mwa majani hayo kuna vichipukizi. La pili limekatwa chini ya majani hayo, hilo nang'oa, kisha nafukua pembeni kumtafuta sota aliyejikunja udongoni.