R134a inapochemka ndani ya vitundu vya milimita moja

Evaporeta (sehemu ya mashine ya kupozea ambamo gesi ya kupozea, kama R134a, huchemka na kunyonya joto) ya aluminiamu yenye mirija bapa, ile ambayo kila mrija una safu ya vitundu vya milimita moja hivi, ikipoza upande mmoja tu, wengi hukimbilia kuongeza gesi. Swali la kwanza liwe jingine: je, kimiminika kinafika kwenye vitundu vyote?

Ndani ya mrija mpana mvuke hukaa juu na kimiminika hulala chini. Kwenye tundu dogo mvutano wa uso hushinda uzito, povu moja hujaza tundu zima, na ukutani hubaki utando mwembamba wa kimiminika. Watafiti Kew na Cornwell walitoa kigezo chake mwaka 1997: gawa mvutano wa uso kwa zao la mchapuko wa graviti na tofauti ya densiti, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa kwa kipenyo. Jibu likizidi 0.5, mapovu yamebanwa. Kwa R134a kwenye nyuzi 5 za Selsiasi kipeuo hicho ni kama milimita 0.93, kwa hiyo kila tundu lililo chini ya milimita 1.9 hivi hubana mapovu.

Utando huo hupitisha joto vizuri sana, lakini huisha upesi. Hebu tupige hesabu. Tundu la milimita 1 linapitisha kilo 300 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, yaani gramu 0.24 kwa sekunde. R134a inaingia ikiwa tayari asilimia 20 ni mvuke, kwa sababu sehemu huchemka papo hapo baada ya valvu inayopunguza shinikizo kabla ya evaporeta. Joto fichi ni kilojuli 195 kwa kilo, hivyo kumalizia kuchemka kunataka wati 37. Ukuta ukipokea kilowati 20 kwa mita ya mraba, urefu unaohitajika ni sentimita 59. Tundu la nusu milimita, kwa mtiririko na joto hilohilo kwa mita ya mraba, linataka sentimita 29 tu. Tena hesabu hii inapendelea: utando huanza kukatika kabla mvuke haujafika asilimia 100, na kuanzia hapo ukuta mkavu hupokea joto kidogo mno.

Sasa mgawanyo, na hapa ndipo evaporeta nyingi za aina hii zinapoharibiwa tangu kwenye ubao wa mchoraji. Kimiminika kina densiti zaidi ya mara 70 ya mvuke. Kwenye bomba kuu lililosimama, lile linaloigawia mirija yote, mwendo ukiwa mdogo, kimiminika hushuka na mirija ya juu hunywa mvuke mtupu. Mwendo ukiwa mkubwa, kimiminika hurushwa hadi mwisho wa bomba na mirija ya karibu na mlango ndiyo hukosa. Mvuke moto wa mirija mikavu huchanganyika na mwingine kwenye njia ya kutokea, balbu ya valvu (kihisi cha joto kilichofungwa kwenye njia hiyo) huhisi joto, kisha valvu hufungua zaidi. Mirija iliyoshiba hufurika, matone hufika kwenye balbu, valvu hubana tena. Kuyumba huku hakuponi kwa gesi zaidi. Kunapona kwa bomba jembamba lenye matundu ndani ya bomba kuu, au kwa kutenga mvuke wa valvu usiingie kabisa kwenye evaporeta.

Ukipima nyuzi za ziada za mvuke, yaani nyuzi ambazo mvuke umepita nyuzi ya kuchemka, soma shinikizo kwenye njia ya kutokea, si ya kuingilia. Karibu na nyuzi 5, kila kilopaskali 12 zinazopotea njiani hushusha nyuzi ya kuchemka kwa 1, na vitundu vidogo hupoteza shinikizo kwa urahisi. Geji ikionyesha psi 36, R134a inachemka kwenye nyuzi 5; bomba la kutokea likiwa na nyuzi 11, ziada ni 6. Kisha pima mirija mmojammoja, juu hadi chini, kabla hujagusa chupa ya gesi.