Wikendi yetu Jamhuri na ile klipu

Leo ni Jumatatu, mikono bado inanuka petroli na mgongo umekauka kama ubao, lakini lazima niandike hii kitu kabla sijasahau.

Jumamosi mchana gari ilikua bado kwa mawe. Subaru Impreza ya kitambo, ile ya turbo, na autokrosi, yale mashindano ya gari kukimbia kwa vumbi moja moja ikipimwa muda, ni kesho yake asubuhi pale Jamhuri, Nairobi. Shokomzoba ya nyuma kulia ilikua imevuja mafuta yote na ukienda Grogan, kule kwa maduka ya spea, ukiwa na haraka wanaiona usoni, wanakuitisha pesa ni kama unanunua ploti. Mzee wa gereji akazunguka Kirinyaga Road mpaka saa kumi na moja jioni akarudi na moja imetumika kiasi, akatuambia vijana wangu, hii ndio iko. Stima nayo ikapotea, tukaifunga na tochi za simu, mmoja ameshika mwanga mwingine yuko chini ya gari, na hakuna aliyesema twende nyumbani.

Shokomzoba si kitu ya kuchezea kwa vumbi letu. Si mnakumbuka 2021, Safari Rally imerudi kwa mashindano ya dunia baada ya miaka 19, driva Neuville ameamka Jumapili Naivasha akiwa anaongoza kwa karibu dakika nzima, alafu sehemu ya kwanza tu ya siku shokomzoba ya nyuma ikakataa na kazi ikaishia hapo. Na mpinzani wake Ogier naye Ijumaa alikua amepoteza muda mwingi kwa shida ya hapo hapo, lakini hakutoka, alisukuma tu hadi akashinda. Usiku huo wote nilikua nawaza hao wawili, nikawa najiuliza sisi kesho tutakua nani.

Kumbe shida haikua huko. Shokomzoba ilikaa vizuri kabisa. Rauni ya kwanza driva wetu aliendesha safi, hakugusa koni hata moja, tukawa wa pili kwa klasi yetu na mimi nikapiga kelele hadi sauti ikaisha.

Alafu nikafungua ule mpira unaotoka kwa intakula, kile kifaa cha kupoza hewa ya turbo kabla iingie kwa injini, nione kama kuna mafuta ndani, na wakati narudisha mtu akaniita nikamsaidie na jeki, nikaikaza klipu, ile pete ya chuma inayoshika mpira, nusu nikijua narudi. Sikurudi.

Rauni ya pili, kona ya tatu, tukasikia paf! na moshi mweusi huo. Kwa wenye hawajui, kompyuta ya injini huwa imeshapima hewa iliyoingia na inamwaga petroli ya kutosha hiyo hewa yote, sasa mpira ukitoka hewa inatorokea pembeni na petroli inabaki nyingi, gari inakohoa tu haina nguvu. Driva akaimaliza ivo ivo, pole pole, magari mengine yakienda kama risasi.

Aliposhuka nikamwambia kabla hajafungua boneti. Ni mimi, sikukaza. Moyo ulikua unanidunda mpaka masikioni. Mzee alikua amesimama hapo, hakusema kitu. Driva akavua helmeti, akajipangusa vumbi, akanipa bisibisi akasema, "Bado tuko na rauni moja. Kaza."

Sasa klipu yenyewe ilikua imepasuka na kwa boksi letu hakuna saizi hiyo. Nikazunguka hema kwa hema nikiuliza, na mwenye aliitoa ni fundi wa timu iliyokua inaongoza klasi yetu, yaani watu tunaofukuzana nao, hakuuliza hata swali, alichomoa kwa spea zake akaniambia chukua ndugu. Hii ndio sababu napenda hii michezo kuliko zingine zote na sitaacha.

Niliikaza, nikaikaza tena, nikamwita Mzee aishike kwa mkono wake mwenyewe. Rauni ya tatu tulikua wa kasi zaidi kwa klasi, wote! Lakini muda wa rauni zote unajumlishwa, tukamaliza wa nne, na wale walionipa klipu wakashinda. Nililia kidogo nyuma ya pikapu.

Jioni nikapeleka klipu yao nikiwa nimeipangusa vizuri. Yule fundi akakataa kuichukua. Bado iko kwa gari.